Kumfikisha Msemaji

Baba yetu, Bashiru, alikufa kwa homa mwaka ule ule wa vita, kabla vita havijaanza, na Mama akaingia eda. Mimi Tabu, binti yake, ndiye niliyekuwa miguu yake: kisimani, shambani, kwa majirani. Mama Mwanahawa alikaa ndani ya nyumba yetu ya Ruaruke akisuka mkeka, na habari zote za dunia zilimfikia kupitia kwangu, nami sikuwa mtu wa kupunguza chumvi.

Habari zenyewe hazikuwa nzuri. Watu walikuwa wakivuka mto kwenda kusini, kwenye vilima vya Wamatumbi, kuchukua dawa ya maji. Waliambiwa kwamba ukinyweshwa na kunyunyiziwa maji yale, risasi ya Mdachi ikikufikia inageuka maji nayo. Vijana wa kwetu walikuwa wamechoka na shamba la pamba la jumbe, ambako walilimishwa kwa viboko huku mpunga wa mama zao ukiliwa na ndege. Sikuwalaumu kwa kuchoka. Nilikuwa nimeupaka mafuta mgongo wa kaka yangu Miraji kwa mikono yangu mwenyewe, na siku ile ningepewa mkuki ningeushika.

Lakini Miraji ndiye mwanamume pekee aliyebaki nyumbani kwetu, na yeye na rafiki yake Mussa walikuwa wameshakata shauri. Arobaini ya Baba ikipita, wanaondoka. Mama alimwita ndani, akamsihi mpaka akalia. Miraji alimsikiliza kwa adabu zote, akamwitikia kila neno, kisha akatoka nje akaendelea kunoa shoka lake. Mwanamke aliye edani hawezi kumfuata mwanawe uwanjani akamshika nguo mbele za watu. Ndipo Mama akamkumbuka Mwinyimvua.

Mwinyimvua wa Maparoni, huko kwenye delta, alikuwa msemaji wa kuitwa. Siku zile shughuli kubwa, iwe harusi, hitima au kesi ya mpaka, haikukamilika bila mtu wa kusema, na wasemaji hawakuwa sawa. Huyu alikuwa amesoma kwa masheikh, akakaa na kadhi kule Kilwa, kisha akawa mkalimani barazani kwa Wadachi mpaka wakakorofishana. Aliijua sheria ya vitabuni na sheria ya bomani, na alijua akida gani anasikilizwa na nani. Aliyemtaka alimpelekea mkeka mpya. Akiukunjua amekubali, akiurudisha kama ulivyo, tafuta mwingine. Siku ya shughuli alikaa juu ya mkeka ule akasema, na baada ya hapo mkeka ulikuwa wake.

Sharti la mwisho ndilo tuliloliogopa kuliko yote. Msemaji aliyeitwa kwa mkeka hurudishwa mpaka kizingitini pake na mtoto wa nyumba iliyomwita, mtoto huyo akimbebea mkeka wake. Ukimwacha njiani umemfukuza, na aibu humwangukia maiti aliyesomewa hitima.

Mama alimaliza mkeka wake, ukapelekwa Maparoni, na Mwinyimvua akaukunjua. Alifika siku moja kabla ya arobaini, mzee mwembamba mwenye kanzu safi na mguu wa kushoto unaoburuta. Mama hakuweza kuonana naye. Aliniagiza nimwambie maneno machache tu: kwamba asome dua ya marehemu, na kwamba ana mtoto mmoja wa kiume. Mwinyimvua alinitazama, akasema amesikia. Hakuuliza zaidi, nami nikamwona mtu mwenye akili.

Hitima ilisomwa asubuhi, watu wakala, wakanawa, kisha Mwinyimvua akakaa juu ya mkeka uwanjani kwetu. Mama alikuwa nyuma ya ukuta wa makuti, ameweka sikio kwenye upenyo. Mzee alisema vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alianza na deni la mtoto kwa mzazi, akaingia kwenye dhuluma. Hakuipaka rangi. Alisema viboko vya pamba ni dhuluma mbele ya Mungu, na hata sheria ya bomani yenyewe haijampa jumbe ruhusa ya kumchapa mtu aliyemaliza zamu yake. Akasema boma lina wakubwa, na wakubwa wana wakubwa wao, na yeye yuko tayari kwenda na wazee kwa liwali kupeleka malalamiko. Hapo alikohoa kidogo. Kisha akasimulia vita vya pwani alivyoviona kwa macho yake, jinsi mzinga ulivyofanya kazi yake bila kumwuliza mtu amekunywa nini.

Wazee waliitikia. Nilianza kupumua. Ndipo Mussa akaomba ruhusa ya kuuliza. Alikuwa kijana mpole, mwana pekee wa jirani yetu Bi Kijakazi, na tangu utotoni alikuwa akila kwetu kama kwao.

"Shehe, yote uliyosema ni kweli," alisema. "Sasa kesho asubuhi, nani ataenda shamba la pamba badala yangu?"

Mwinyimvua aliwatazama wazee, na wazee wakatazama miguu yao. Vijana hawakucheka wala hawakushangilia. Waliinuka mmoja mmoja, wakamwamkia mzee kwa heshima, wakaondoka. Nilijua basi, yamekwisha, na moyo uliniuma kuliko siku tuliyomzika Baba.

Alasiri nilikuwa naosha vyombo nyuma ya nyumba, Mwinyimvua akaja akasimama karibu na ukuta, akasema na makuti kana kwamba anasema na mtu. Mtu alikuwepo kweli, kwa ndani.

"Bi Mwanahawa, uliniita kwa ajili ya maneno, na maneno yangu hayakutosha," alisema. "Imebaki miguu yangu. Unaiona ilivyo mibovu. Nipe mwanao anirudishe."

Mama akasema, "Mchukue, baba. Usiwe na haraka."

Miraji hakuweza kukataa. Ilikuwa hitima ya baba yake, na mkeka ulikuwa wa mama yake. Alimwambia Mussa wamsubiri, ni kwenda na kurudi tu. Mussa akamwambia wakiona kimya watatangulia, atawakuta huko huko vilimani. Wakashikana mikono wakicheka, na Miraji akajitwika mkeka.

Yaliyofuata nayajua kwa sababu Miraji alinisimulia baadaye. Kwanza Mwinyimvua hakuelekea Maparoni. Alisema ana salamu za kufikisha Dimani, na Dimani haiko njia ya Maparoni kwa mtu mwenye haraka. Walipofika, wazee wa Dimani nao walikuwa na vijana wao wanaonoa mashoka, wakamwomba aseme. Akasema. Kijiji cha pili wakamwomba, akasema. Alitembea asubuhi kidogo, akapumzika kivulini, akausifu uji wa kila mwenye nyumba, akalalamika mguu. Miraji alikaa nyuma ya mkeka akiisikiliza hotuba ile ile mpaka akajua mzee atakohoa wapi. Aliniambia alikuwa akimchukia hata kikohozi chake.

Siku moja alimwambia waziwazi kwamba wenzake wanamsubiri. Mwinyimvua alijibu kwamba njia ni hiyo, na kama anataka kumwacha basi amwache, yeye atajikongoja, ila amsalimie marehemu Bashiru atakapozuru kaburi lake. Miraji akauokota mkeka.

Mwishowe waliingia mtumbwini, wakapita katikati ya mikoko hadi Maparoni. Nyumba ya mzee ilionekana kutoka majini. Miraji alimshukuru Mungu mapema mno. Mwinyimvua aliitazama nyumba yake kwa mbali, akasema paa linavuja, naye hawezi kuingia nyumba inayovuja na mguu ule. Akajiweka barazani kwa shemeji yake, ng'ambo ya uwanja, macho kwa macho na mlango wake, na hakukivuka kizingiti. Ikabidi Miraji akatafute makuti. Akashona, akapanda, akaezeka upande mmoja. Mzee akasema upande wa pili nao. Akaezeka. Akasema na jiko. Miraji akaezeka jiko huku akilia kwa hasira.

Alikuwa bado juu ya jiko mitumbwi ilipoanza kuingia kutoka upande wa juu wa mto. Ilikuwa na watu wa vilimani, wanawake na watoto na wanaume wachache. Mmoja wao alikuwa na jeraha la risasi begani, limeoza. Watu wakamzunguka wakimwuliza habari za dawa. Yule mtu alilifunua tu bega lake wakaona. Miraji aliteremka, akakaa chini ya ukuta wa jiko.

Mwinyimvua aliinuka barazani kwa shemeji yake, akaburuta mguu hadi mlangoni kwake, akavuka kizingiti. Akageuka.

"Umenifikisha," alisema. "Sasa nenda kwa mama yako."

Miraji alirudi kwetu mvua za vuli zikianza. Vijana wa Ruaruke hawakurudi. Watu waliopita walitutajia majina, na jina la Mussa lilikuwemo. Alianguka kwenye kivuko, na kaburi lake hakuna aliyelijua. Askari walikuwa wameshapita kijijini, wakachoma maghala ya mpunga ya wenye watoto waliokwenda vilimani. Letu halikuguswa. Mama aliposikia sauti ya Miraji uwanjani alijiziba mdomo kwa kanga ili furaha yake isivuke ukuta, maana ukuta wa pili ulikuwa wa Bi Kijakazi. Alipika kimya kimya, akamlisha kimya kimya. Mimi nilifurahi na nikaona haya kwa kufurahi, vyote kwa pamoja.

Miraji aliniuliza kama Mama alijua kwamba mzee angemchelewesha. Nikamwambia nilivyosikia kwa masikio yangu, mzee alivyosema na ukuta. Hakugomba. Kuanzia siku ile akawa anaitikia tu anapoitwa, anakula, anakwenda pamba. Jumbe alikuwa ameziamsha tena zamu, kila nyumba itoe mtu, vita au si vita. Bi Kijakazi hakuwa na mtu wa kumtoa, kwa hiyo alikwenda mwenyewe na jembe la mwanawe, na mgongo wake ulikuwa haunyooki.

Eda ya Mama ilikuwa imekwisha Bi Kijakazi alipokuja kwetu na mkeka kwapani. Ulikuwa mkeka wa rangi, na sote tuliujua. Alikuwa akiusuka kwa ajili ya harusi ya Mussa. Alimwamkia Mama, kisha akamgeukia Miraji.

"Nataka kumsomea mwenzio hitima," alisema. "Mwinyimvua sitampata, njia ni mbaya. Lakini hotuba yake wewe unaijua."

Akauweka mkeka chini. Niliogopa kwamba Miraji angemrudishia kama ulivyo. Akaukunjua.

Hitima ilikuwa ndogo. Hapakuwa na wali, palikuwa na uji wa mizizi, na vijana hawakuwepo wa kukaa mbele. Miraji alikaa juu ya mkeka wa harusi ya rafiki yake, akaanza kama Mwinyimvua: deni la mtoto kwa mzazi, dhuluma, sheria ya bomani, wakubwa na wakubwa wao. Alifika pale pa kukohoa, na hakukohoa. Aliikata hapo hapo. Watu wakadhani amesahau.

"Hotuba hii naijua yote," alisema. "Nimeisikia vijiji vyote. Mussa aliuliza swali mbele yenu, nani ataenda shamba la pamba badala yake. Nimetafuta humu ndani jibu lake, halimo." Akamtazama Bi Kijakazi. "Nitakwenda mimi, mama. Zamu yetu na zamu yenu."

Wazee walikuwa na mengi ya kuitikia siku ya Mwinyimvua. Siku ile walifuta nyuso tu. Bi Kijakazi hakulia. Alimngoja Miraji aukunje mkeka, kisha akainuka, akauchukua mikononi mwake.

Tulijua wote anachotaka kufanya, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Msemaji hurudishwa na mtoto wa nyumba iliyomwita, na ile nyumba haikuwa na mtoto tena. Kutoka uwanjani kwake hadi kwetu ni karibu mno, hata kuku hutembea wakarudi. Yeye aliutembea mwendo ule polepole, mkeka kichwani, Miraji akimfuata nyuma ameinamisha kichwa, watu wote wakiwaangalia. Mama alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni.

Bi Kijakazi alimngoja Miraji avuke kizingiti. Kisha akamkabidhi Mama mkeka.

"Nimemfikisha," alisema.

Mama akaupokea. Bi Kijakazi akageuka, akarudi kwake peke yake.