Cherehani Juu ya Mpaka

Msiponiamini mimi, mkamuulize mama mkwe. Ila pigeni hodi kwanza, na mkimkuta anatia uzi kwenye sindano, rudini kesho.

Duka lake la kushona nguo lilikaa juu ya mtaro. Mtaro huo ndio uliokuwa mpaka wa halmashauri mbili, ya mlimani na ya bondeni, na marehemu baba mkwe, mtu asiyependa kuuliza ruhusa, alitandaza mbao juu yake akajenga kibanda chenye milango miwili. Mmoja ulitazama mlimani, wa pili bondeni. Mama mkwe akapiga mstari wa rangi nyeupe katikati ya sakafu, kisha akaifunga cherehani yake magurudumu ya kigari cha mtoto.

Sasa mtoza ushuru wa mlimani akitokea, mama anaisukuma cherehani, inavuka mstari, inaingia bondeni.

"Karibu, baba," anamwambia. "Biashara yangu iko kule ng'ambo. Huku nimekuja kupumzisha mgongo tu."

Akija wa bondeni, cherehani inarudi mlimani na mgongo unaanza kumuuma upande wa pili. Alivuka kwa kasi hata uzi ukabaki nyuma unaelea hewani, unauliza njia. Nimeona kwa macho yangu suruali iliyoshonwa siku watoza ushuru walipopishana: mguu mmoja umeshonwa mlimani, mwingine bondeni. Mwenye suruali hiyo hadi leo akitembea anakwenda upande kama kaa, na akifika mtaroni husimama kwanza kuwaza.

Likapita gari la matangazo. Halmashauri zinaunganishwa! Imeundwa kamati ya maandalizi, na kamati ndogo ya kuiandalia kamati chai. Wengine walisikia habari za maendeleo. Mimi nilisikia habari za sebule yangu, kwa sababu jioni ile mama mkwe aliweka kikombe chini akasema:

"Mpaka ukifutwa nitakuwa sina pa kuvukia. Wakinitoza kidogo, nitalipa. Wakinitoza kiasi kikubwa, nafunga duka nahamia hapa, mimi na cherehani."

"Karibu sana mama," akasema mke wangu, uso umemchanua.

Mimi nikapaliwa na chai.

Jamani, mama mkwe nampenda, na ninampenda zaidi akiwa kwake. Cherehani ile ikianza kazi, ni kama treni iliyobeba masufuria. Na mwenyewe haachi kitu kilivyo. Nikikaa, nimekaa vibaya. Nikikohoa, kikohozi hakina adabu. Nimestaafu ili nipumzike, sikustaafu ili nikaguliwe.

Kwa hiyo nikaanza kuichunguza ile kamati. Nikagundua mambo mawili. Kwanza, halmashauri mpya itakuwa na mkuu mmoja tu wa mapato, na atakayeleta walipaji wapya wengi ndiye atakayekalia kiti. Pili, kamati imeamua kwamba huduma na ushuru viende pamoja, yaani mtu asiyepata huduma asihesabiwe kuwa mlipaji. Nani aliyepitisha jambo la haki namna hiyo, sijui. Labda walikuwa wanasinzia.

Siku ya majaribio ya kuandikisha walipaji ikafika. Watoza ushuru wote wawili wakatoka kwa pamoja. Wa mlimani tulimwita Kifimbo, mzee mnene anayenyooshea watu kijiti. Wa bondeni ni Mama Miwani, ambaye miwani yake hukaa kichwani siku zote, machoni haijawahi kufika. Wakaingia dukani kila mmoja kwa mlango wake, kwa dakika ileile.

Mama mkwe akatazama huku, akatazama kule. Akaisukuma cherehani taratibu, akaisimamisha juu ya mstari.

"Haya," akasema, akafumbata mikono.

Kifimbo akainama. "Sindano iko kwangu. Ushuru ni wa mlimani."

"Sindano ni kitu gani?" Mama Miwani akacheka. "Bila pedeli inashona nini? Pedeli iko bondeni, na mama huyu ni wangu."

"Kwani wewe unashona kwa miguu?"

"Na wewe unatoza kwa tumbo?"

Nikajitokeza nilikokuwa nimejibanza nyuma ya magauni. "Shikamooni wakubwa zangu. Kamati si imesema asiyehudumiwa hahesabiwi? Mama huyu nani kati yenu amewahi kumhudumia? Giza likiingia hapa, anapapasa mkasi. Na mtaro huu unanuka mpaka nyuzi nyeupe zinageuka rangi."

Wakatazamana, kila mmoja akakiona kiti kile cha mkuu wa mapato. Wakatoka mbio.

Mama mkwe akanigeukia. "Baba, umefanya nini?"

"Nimekulinda, mama."

Kesho yake Kifimbo akaleta nguzo ya taa. Taa yenyewe ilikuwa kali mpaka majogoo wa mtaa wakawika mfululizo wakakaukiwa sauti. Mama Miwani akaleta watu wa kuzibua mtaro. Humo wakatoa baiskeli, kiti cha diwani wa zamani, na kibao cha halmashauri yenyewe kilichoandikwa USITUPE TAKA HAPA. Kifimbo akajibu kwa bomba la maji. Mama Miwani akatandaza vigae mbele ya mlango wake. Kifimbo naye akatandaza mbele ya wake, vyekundu. Likaja pipa la taka lenye mfuniko, likaja benchi la kupumzikia, na siku moja nikamkuta mtu amevaa sare anaupepea mtaro.

Kila mmoja alikuwa akimnong'oneza mama: "Jiandikishe kwangu, nitakuwekea ushuru mdogo kabisa."

"Nitafikiria," mama anajibu, huku anawapima viuno kwa macho.

Nikatembea mtaani kifua mbele. Sebule yangu ilikuwa imepona.

Siku ya kuungana ikafika, hotuba zikasomwa, mpaka ukafutwa. Na kiti? Kifimbo hakukipata. Mama Miwani hakukipata. Akapewa bwana mmoja mgeni, mwenye tai iliyomfika kifuani ikachoka. Tukamwita Tai Fupi. Alikuwa hana ahadi na mtu.

Akaja dukani. Akaitazama taa, bomba, mtaro unaong'aa. Akakaa kwenye benchi, akalisifu. Akagonga vigae kwa kiatu.

"Mtaa mzuri," akasema. "Daraja la kwanza. Duka la hapa linatozwa sawa na hoteli."

Akamtajia mama kiwango. Mkasi ukamdondoka.

"Bwana mkubwa," nikasema, "hiki ni kibanda cha mbao."

"Kibanda cha mbao chenye huduma kamili," akanijibu. "Huduma na ushuru vinakwenda pamoja. Ndiyo kanuni."

Mama mkwe akauokota mkasi, akaninyooshea. "Baba, huduma hizi uliziomba wewe?"

"Kwa nia njema, mama."

"Basi hiyo nia njema ije inibebee mizigo."

Nikabeba. Cherehani nikaisukuma mwenyewe mpaka kwangu, gurudumu linalia njia nzima kana kwamba linanisengenya. Mama akaiweka dirishani, palipokuwa na kiti changu. Nilipoamka asubuhi nikakuta mstari mweupe umepita katikati ya sebule. Upande wake una dirisha, meza na zulia. Upande wangu una kiti changu na mlango wa choo.

"Huu wa nini, mama?"

"Mazoea tu."

Haukupita muda, hodi ikabishwa. Tai Fupi akachungulia ndani. "Nimesikia cherehani. Biashara hii ni ya nani?"

Gurudumu likalia. Kufumba na kufumbua, cherehani imevuka mstari, imenibana magoti kitini, na suruali ya mtu bado iko chini ya sindano. Mama mkwe amekaa zuliani, amefumbata mikono.

"Muulize mwenye upande ule, baba," akasema. "Huku nimekuja kupumzisha mgongo."

Jikoni nikamsikia mke wangu akicheka mpaka mwiko ukamdondoka.

Kwa hiyo leseni imeandikwa jina langu: fundi nguo. Mimi, ambaye hata kifungo cha shati nashonewa! Mkihitaji suruali, njooni. Siku hizi miguu yote miwili inashonwa upande mmoja, wangu.