Chumvi ya Ng'ombe

Mtaa mzima wa Nyasubi ulimcheka Nasibu: mtu mapafu yameliwa na vumbi la mashimo ya dhahabu ya Geita, eti anafuga samaki wa bahari chumbani, Kahama! Wacheke tu. Mtu wa Kilwa akikosa bahari afanyeje? Mdogo wake alimletea wawili kwa basi, wadogo, wenye milia, wale wanaoishi kwenye matumbawe, pamoja na madumu ya maji ya bahari.

Sasa jike alikuwa ametaga kwenye kigae. Dume akamfukuza, akageuka mweusi, akabaki anayapepea mayai kwa mapezi, usiku na mchana.

"Kwao baba ndiye mlezi, Mama Aneth," Nasibu alimwambia mkewe Mbuke, akihema. "Asipopepea, mayai yanakosa hewa. Yakishaota macho, yamekaribia. Niwaone wakianguliwa tu, nitaridhika."

Hakuwa na haja nyingine duniani. Mbuke akaiweka moyoni.

Joto likapunguza maji ya tangi. Nasibu, ambaye homa ilikuwa imemlaza kitandani, akamwagiza mkewe aongeze maji matupu. Matupu? Samaki wa bahari? Jamani! Mbuke, binti wa wafugaji wa Kagongwa, alijua ng'ombe akikosa chumvi hunyong'onyea. Akaona homa imemsahaulisha mumewe. Akanunua chumvi ya ng'ombe, ile nzuri kabisa, akaikoroga kwenye ndoo, akamimina. Maskini, hakujua kwamba maji yakikauka chumvi yake hubaki mle mle. Kila siku akaongeza nyingine, kwa mapenzi yake yote.

Jike akafa kwanza. Mayai yakageuka meupe. Dume akaishiwa nguvu, akaegemea kigae, bado anayapepea mayai yaliyokwisha kufa. Asubuhi Mbuke akamkuta amelala ubavu, hapepei tena. Alilia uani, kanga mdomoni, asisikike ndani.

Nasibu alikuwa amegeukia ukutani, pumzi zikimkwaruza.

"Bado anapepea?"

"Anapepea, Baba Aneth."

"Na mayai?"

"Yameota macho."

Nasibu akatabasamu. Mbuke akachukua upepeo wa jikoni, akakaa kitandani, akaanza kumpepea mumewe.

Jirani yao Suzana alipoleta uji aliwakuta hivyo. Akaushika mguu wa Nasibu. Ulikuwa wa baridi.

"Mama Aneth, ameshatutoka."

"Najua," Mbuke akasema, na mkono wake haukuacha kupepea.