Shemeji wa Safu ya Tatu

Viti vilikuwa thelathini na watu kumi na mmoja. Nyuzi hakuhitaji kuhesabu mara mbili, maana viti alivipanga mwenyewe, kama alivyobandika mabango mwenyewe na kupandisha spika ngazini mwenyewe. Hakuwa na meneja wala kampuni ya muziki. Alikuwa na gitaa, na mama aliyemuuliza kila wiki kama bado anaendelea na "mambo yale".

Chumba kilikuwa juu ya duka la fundi cherehani. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, na kazi huko chini ilikuwa imepamba moto. Ngurumo za mashine zilipenya sakafuni, zikienda na kusimama. Wimbo wa kwanza aliuimba akishindana nazo. Wa pili akaamua kwenda nazo. Waliokaa mbele walikuwa wakinong'onezana, na mama mmoja alikuwa amevua viatu. Huyo, kwa dalili zote, alikuja kupumzisha miguu.

Wimbo wa tatu ulikuwa ule wa mlango wa jikoni. Alipofika kwenye kiitikio akasikia sauti nyingine, nzito, ya chini chini, ikienda naye neno kwa neno. Akainua macho. Safu ya tatu, ndani ya ovaroli yenye madoa ya grisi, alikaa fundi wa friji, kaka wa aliyekuwa mke wake. Tangu talaka, yapata miaka miwili, hawakuwa wameonana.

Nusura aruke mstari. Mlango ule ulikuwa wa kweli: ulilia kila alfajiri mkewe alipotoka kwenda zamu hospitalini, naye akabaki kitandani akiusikiliza. Humo chumbani ni mtu mmoja tu aliyejua hivyo. Nyimbo zilizobaki alimwimbia huyo mmoja, wala hakuthubutu kumtazama tena.

Makofi yalipokwisha watu wakashuka upesi. Fundi wa friji akabaki, mikono mfukoni.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umenenepa."

"Wanangu hawamalizi sahani zao. Namalizia mimi."

Wakacheka, kisha kicheko kikawaishia wote wawili kwa pamoja.

"Ule mlango mimi ndiye niliyeutia mafuta," fundi akasema. "Unakumbuka?"

"Nitasahauje? Nilikununia siku nzima. Nilikuwa sijamaliza ubeti wa pili."

Nyuzi akawa anakunja waya wa kipaza sauti, polepole kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Mwishowe akauliza, "Na yeye, huwa anazisikiliza nyimbo hizi?"

Fundi akatikisa kichwa. "Hapana. Si kwa ubaya. Nikizipiga kwenye simu pale kwangu, yeye anaendelea na mazungumzo yake tu. Sidhani hata anajua zinamhusu."

Nyuzi alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba zinamuudhi, au zinamliza. Usiku mwingi aliyawaza yote mawili. Hili la kuendelea na mazungumzo halikuwahi kumjia.

"Twende basi tukanywe chai," akasema.

"Ningependa. Lakini wananisubiri, leo tunamhamisha. Aliolewa mwezi uliopita." Fundi akamtazama. "Nilidhani umesikia."

"Nilisikia," Nyuzi akadanganya.

Wakateremsha spika pamoja, mmoja mbele, mwenzake nyuma, wakielekezana kona kama zamani walipohamisha makabati ya mama mkwe. Mlangoni fundi akampa mkono, akaushikilia kidogo.

"Haya, she..." Akakwama. "Haya, Nyuzi. Umeimba vizuri."

Miaka kumi mtu huyu hakuwahi kumwita kwa jina hilo. Hata walipogombana alimwita shemeji, tena kwa ukali. Nyuzi akaitikia kwa kichwa na kumsindikiza kwa macho mpaka ovaroli ikapotea kwenye umati wa wapita njia.

Akarudi juu, akaanza kupandanisha viti ukutani, sita sita. Fundi cherehani akachungulia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akauliza kama amwekee chumba tena mwezi ujao.

"Niwekee," Nyuzi akasema. "Halafu, samahani, naweza kukaa humu kidogo kabla hujafunga?"

"Kaa tu, ndugu yangu. Kuna mtu unamsubiri?"

"Hapana," akasema Nyuzi, akavuta kiti kimoja. "Hakuna."