Mkono wa Kushoto wa Anacleto

Mwaka ule nyimbo za nyoka zilikuwa zimeishika Bombay, na kila mtunzi wa nyimbo za filamu alitaka klaviolini. Ni kinanda kidogo cha umeme kinacholia puani kama zumari la mcheza nyoka. Kinatoa noti moja tu kwa wakati, kwa hiyo mkono wa kulia unatosha. Sauti unaipandisha kwa goti. Mkono wa kushoto ni kwa ajili ya swichi za kugeuza mlio, basi.

Ndiyo maana Anacleto Furtado aliiacha piano akahamia kwenye klaviolini. Kiharusi kilikuwa kimeuua mkono wake wa kushoto. Aliutia mfukoni, watu wakadhani ni maringo ya Wagoa wenzake. Nilijua mimi peke yangu, maana nilikaa kushoto kwake na matoazi yangu, na swichi nilimbonyezea mimi.

"Dagdu, ndugu yangu," alinibembeleza, "Harbans-ji akijua, nimekwisha. Nani atamchukua mpiga piano wa mkono mmoja?"

"Kwani nani atamwambia?"

Sikumwambia mtu. Miezi minane nilibonyeza huku nikivitazama vidole vyake. Noti sijui kusoma, shule niliacha darasa la tatu. Lakini masikio ninayo.

Basi asubuhi moja tukarekodi, wapigaji arobaini, akikosea mmoja wote mnarudia. Katikati ya wimbo zumari lilitakiwa ligeuke fidla. Tulipofika hapo sikubonyeza. Zumari likaendelea kumpigia kelele mwimbaji.

"Simamisha!" alifoka Harbans-ji, mtunzi wetu. "Anacleto, umelala?"

"Samahani, Harbans-ji."

Mara ya pili, vilevile. Anacleto akanitazama. Mimi nikayatazama matoazi. Mara ya tatu akajaribu kubonyeza kwa mkono wa kulia, akapoteza noti nne.

Harbans-ji akatoka kwenye chumba cha vioo. "Mkono wa pili uko wapi, bwana mkubwa? Unashika nini humo mfukoni?"

Wapiga fidla wakaangua kicheko.

"Utoe!"

Akautoa kwa kuuvuta na ule mzima. Ukamponyoka, ukaangukia vitufe, na kinanda kikalia noti moja ndefu mpaka alipouinua. Walicheka tena. Nami nilicheka.

"Nani mwingine anakiweza hiki?"

"Mimi, Harbans-ji."

"Wewe? Hata jina lako huwezi kuliandika!"

"Nijaribu."

Anacleto akachukua kofia yake aende, lakini taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa imeshawaka, na ikiwaka mlango haufunguliwi. Ikabidi asimame pale pale mlangoni, dakika tatu na nusu, bila hata kukohoa, anisikilize. Sikukosea popote. Wapiga fidla wakagonga nyuta zao kwenye stendi za noti kunipongeza.

Taa ilipozimika akatoka. Sikumwona akitoka, nilikuwa naulizwa kama kesho saa tatu nina nafasi.