Una Neno Nami?

Mimi nimeokoka tangu mwaka wa 1953, na sitaki mtu anifundishe habari ya utakatifu. Nilifundishwa na Mzee Zacharia, kiongozi wa ushirika wetu wa waliookoka pale shamba la kahawa, Ruiru, na alikuwa mwalimu mzuri, shida haikuwa yeye. Alisema Kikuyu chetu kimeshamaliza kazi: Roho Mtakatifu tunamwita Roho Mutheru, na mutheru ni safi tu, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Basi nikashika hilo. Dhambi ikikugandia, unasimama Jumapili alasiri mbele ya ndugu, unaitaja kwa jina lake, wanaimba, imekwisha. Kuweka nuruni, ndivyo tulivyoita. Nimeungama maziwa niliyotia maji. Nimeungama kumtukana nyapara kimoyomoyo, na nyapara mwenyewe alistahili.

Mwaka wa 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, mdogo wangu Kagwe alitoroka msako Thika akaja kwangu. Mchana alijificha katikati ya mibuni. Saa moja jioni anakuja mlango wa nyuma, nampa githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, anakula amesimama. Kama alikuwa amekula kiapo cha Mau Mau, sikumuuliza. Siku ya tano nyapara akanisimamisha na debe langu la kahawa kichwani.

"Waithira, umemwona ndugu yako?"

Nikasema sijamwona tangu Krismasi.

Uongo ule ulinikaa tumboni, ukaniuma kama njaa. Nilishindwa kuomba, nikifunga macho nasikia mdomo wangu ukisema Krismasi. Jumapili nikasimama, nikasema, "Ndugu wapendwa, nimemdanganya nyapara. Kagwe nimemwona. Anakula kwangu kila jioni." Wakaimba. Nikajisikia mwepesi, kweli kabisa, kama nimetua mzigo wa kuni.

Njambi alikuwa amekaa benchi la mbele. Kila mtu alijua mumewe, Waweru, ni ngati, mlinzi wa serikali mwenye bunduki. Watu huniuliza kama sikumwona, wakitaka kunisaidia, na mimi nawaambia nilimwona vizuri. Kagwe ndiye sikumfikiria. Nilifikiria usafi wangu.

Jumatatu jioni Kagwe alipigwa risasi mbili kabla hajafika mlangoni. Githeri nilikuwa nimeshapakua. Waweru na wenzake walimtupa kwenye lori likaenda Thika, na maiti hatukurudishiwa. Mimi nikawekwa mahabusu siku tano, halafu afisa akaniambia naachiliwa kwa sababu nilisema ukweli. Nikarudi kuchuma kahawa. Sikulia. Nilichuma nyekundu, nikaacha mbichi, mikono ikifanya yenyewe.

Jumapili iliyofuata Njambi akasimama ushirikani. Alikuwa amekonda na macho yamevimba.

"Waweru aliniuliza yaliyosemwa hapa," akasema. "Ningeweza kumwambia hakuna kitu. Lakini mimi nimeokoka, sisemi uongo. Nikamwambia."

Halafu akanigeukia, akaniuliza mbele ya wote, kama desturi yetu ilivyo: "Dada Waithira, una neno nami?"

Sasa hapo uelewe. Ukijibu unalo, unaambiwa ulitaje, na ukishalitaja mnapiga magoti na unasamehe palepale, watu wakingoja kuimba. Njia nyingine hakuna. Na Njambi ningemlaumu kwa lipi? Alifanya nililofanya mimi, kwa sababu ileile, na uchu uleule wa kuwa safi. Ningemsamehe, ningebaki na nini? Ndugu yangu hana kaburi. Hilo neno ndilo pekee la Kagwe lililokuwa mikononi mwangu, na sikutaka kulitoa liimbiwe liishe. Nilimchukia Njambi, na nilijichukia zaidi, na yote mawili niliyaona kwa mbali tu, kama mambo ya jirani.

Nikasema, "Sina neno, dada."

Akanikumbatia, akalia begani kwangu hadi blauzi ikalowa. Wakaimba. Mzee Zacharia akasema leo tumeuona utakatifu kwa macho yetu, na kina mama wakaitikia amina. Nilingoja tumbo liniume, kama lilivyoniuma kwa nyapara. Halikuuma. Tukanywa chai, nikaosha vikombe na Njambi akavipangusa.

Uongo huo sijauweka nuruni hadi leo. Njambi aliniamini, bado ananiamini, na kila Jumapili ananiwekea nafasi kando yake kwenye benchi la mbele, nami huenda nikakaa.