Imehakikiwa

Siku nesi aliposimamishwa kazi, dada yake alikuwa anapigiwa makofi.

Ulikuwa mkutano wa mwaka wa mradi, ule wa kwenye skrini, kila mtu chumbani kwake na shati safi juu na kaptura chini. Fundi Mkuu, mwanzilishi wa mradi, ambaye Kalamu hakuwahi kuonana naye ana kwa ana ila alimjua hata kikohozi chake, alisema mbele ya wote: "Tangu toleo lililopita hatuna ukurasa hata mmoja wa maelezo wenye utepe wa njano. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja. Kalamu, simama tukuone." Kalamu akasimama, akakumbuka kwamba amevaa khanga, akaketi haraka. Watu wakacheka na makofi yakazidi. Simu yake ilikuwa inatetemeka mezani. Aliona ni mama yake, akaigeuza uso chini.

Jina la Kalamu alipewa na huyo mama, kwa tabia yake ya kuchomeka kalamu kwenye nywele kisha kuitafuta nyumba nzima. Akaenda nalo hadi mradini, na huko wengi hawakujua kama ana jina lingine.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuchunga friji za chanjo. Kifaa kidogo ndani ya friji kinapima joto. Joto likipanda, nesi anatumiwa meseji simuni aiwahi dawa kabla haijaharibika. Ilikuwa programu huria: msimbo wake uko wazi, zahanati yoyote inaichukua bure, na mwenye ujuzi yeyote anaruhusiwa kuirekebisha. Walioijenga walikuwa watu wa kujitolea, na watu wa kujitolea ni walewale kila mahali. Kuandika msimbo, wote wamo. Ikifika zamu ya kuandika maelezo ili binadamu wengine waelewe msimbo huo, ndipo kila mtu anapokumbuka kwamba ana mgonjwa nyumbani. Kalamu hakuwa na mgonjwa. Maelezo yakawa yake.

Na aliyapenda, tusimsingizie. Yeye ndiye aliyeleta utaratibu wa muhuri. Chini ya kila ukurasa paliandikwa neno "Imehakikiwa" na tarehe. Nusu mwaka ikipita bila mtu kuukagua, utepe wa njano unajitokeza juu kuonya kwamba huenda ukurasa umepitwa na wakati. Kuhakiki maana yake ni kukaa na ukurasa mkono huu na programu mkono ule, ujaribu mstari kwa mstari, na ukiridhika ndipo ubadilishe tarehe. Ni kazi ya kuumiza mgongo, isiyo na sifa, na wanaoifanya vizuri hawajulikani kwa sababu hakuna kinachoharibika.

Kabla ya toleo lile kutoka, utepe wa njano ulikuwa umetapakaa kila mahali. Fundi Mkuu alimpigia. "Wizara ya afya inataka kututazama. Tukionekana hivi, si aibu hiyo?" Kalamu alikuwa na ajira yake ya mchana, ofisi ya kuchapa vitabu, ambako bosi alikuwa anamwandama kama mkia. Akaona atafanyaje. Akaandika amri moja fupi kwenye kompyuta, na amri ile ikapita kurasa zote, ikabadilisha kila tarehe kuwa ya siku hiyo. Njano ikafutika chapuchapu. Akajiambia toleo likishatoka atarudi kuzipitia moja moja kwa haki. Toleo likatoka, yakaja mambo mengine, na mtu akishasifiwa kwa kazi huwa haoni haraka ya kuifanya.

Mkutano ulipokwisha alimpigia mama yake.

"Unanizimia simu?" mama alisema. "Njoo. Mwenzio yuko hapa, hali wala hasemi. Wamemsimamisha kazi."

Alimkuta mdogo wake sebuleni, bado ana sare nyeupe, saa yake imebanwa kifuani kama aliyetarajia kuitwa wodini wakati wowote. Mama alikuwa amekaa mbele yake ameshika tama. Nesi ndiye aliyesimamia chumba cha chanjo cha zahanati, na friji ile aliipenda hadi wenzake wakamtania kwamba ameolewa nayo.

"Umeme ulikatika Jumamosi asubuhi," nesi alisema. "Ukarudi Jumapili. Simu ya tahadhari nilikuwa nayo mfukoni muda wote, hata msalani. Haikulia. Jumatatu nimefungua friji, baridi safi. Kutazama mchoro wa joto, mama yangu! Dawa ilikaa kwenye joto siku nzima."

"Sasa ungejuaje?" mama aliuliza.

"Ndiyo hivyo. Nikaenda mwenyewe kwa mganga mkuu kumwambia. Dawa yote ikatupwa. Akina mama walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi na watoto wao, nikawarudisha. Mganga anasema nilitega programu vibaya. Kamati itakaa. Wakiona ni uzembe, leseni inakwenda."

Kalamu akauliza: "Ulitegaje ile sehemu ya kuchelewesha tahadhari?"

Nesi alimtazama kidogo kabla ya kujibu. "Thelathini. Kama ilivyoandikwa."

Kalamu akaenda na laptopu chumba cha nyuma, akaketi juu ya kitanda walicholala wote wawili utotoni. Hakuchukua muda kuona. Mchangiaji mmoja, aliyechoshwa na kelele za tahadhari kila umeme ukikatika kidogo, alikuwa amebadilisha msimbo tangu kabla ya toleo lile: namba ile isihesabiwe tena kama dakika, ihesabiwe kama saa. Alimwachia Kalamu ujumbe arekebishe maelezo, na ujumbe ulikuwa umelala katikati ya mamia ya wenzake. Ukurasa ulibaki unasema vilevile: andika 30, yaani nusu saa. Chini yake, bila hata chembe ya haya: Imehakikiwa. Nesi aliiambia programu isubiri saa thelathini ndipo imwamshe, na umeme ukarudi kabla hazijatimia.

Mkono wake ulitangulia akili. Palepale akaurekebisha ukurasa: namba hii ni ya saa, kwa nusu saa andika 0.5. Ziko zahanati nyingine, alijiambia, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akampigia Fundi Mkuu.

"Umefanya vizuri kurekebisha," alisema Fundi Mkuu. "Sasa tulia. Tukianza kupiga kelele wizara itakimbia, na hao manesi watarudi kuandika joto kwenye karatasi ya mlangoni. Watoto wangapi hapo wataumia?"

"Kuna nesi amesimamishwa kazi."

"Pole yake. Ni mtu wako?"

Kupitia ukuta Kalamu alimsikia mama yake akimbembeleza mtu anywe chai.

"Hapana," alisema. "Nimesikia tu."

Alipokata simu alibaki ameishika, amejichukia. Aliona aibu mpaka masikioni, na bado hakuinuka.

Kamati ilikaa Jumatano. Jioni Kalamu alipofika kwa mama, nesi alikuwa jikoni anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Hakugeuka.

"Wamefungua ule ukurasa wenu," alisema. "Wameumulika ukutani, mkubwa kama pazia. Mwenyekiti akanisomea neno kwa neno kama mtoto wa chekechea. Namba hii ni ya saa. Akaniuliza, dada, wewe hujui kusoma? Nikamwambia siku ile haikuwa imeandikwa hivyo. Wakatazamana. Mmoja akacheka. Akasema angalia hapa chini, ukurasa ulihakikiwa miezi iliyopita, kabla hujatega friji. Kesho asubuhi wanatoa uamuzi."

Kalamu alishika mlango. Alikuwa ameyarekebisha maneno bila kuigusa tarehe. Kwa mtu anayesoma leo, ukurasa ulikuwa sahihi siku zote, na mwongo ni nesi. Kazi pekee aliyoifanya vizuri katika mambo yote haya ndiyo iliyommaliza mdogo wake.

"Ni mimi," alisema.

Sufuria iliendelea kusuguliwa.

"Mimi ndiye niliyeurekebisha, siku ileile uliyosimamishwa. Ulikuwa umekosewa. Na ile tarehe ni uongo, sikuhakiki kitu. Nililipua kazi ili tuonekane wasafi."

"Najua," nesi alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba ni wewe. Ulikuwa umeandikwa dakika, nimeusoma kwa macho yangu. Kule anayeshika maelezo ni nani kama si wewe? Unatuambia kila sikukuu."

"Sasa mbona hukuwaambia? Ungelitaja jina langu, mdogo wangu!"

Nesi alifunga bomba. Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja, kama wanavyofundishwa.

"Nikutaje uaibike mbele ya watu? Nilidhani utakuja mwenyewe. Nimekungoja tangu siku ile." Akatundika kitambaa. "Halafu mimi sikusoma tu nikatega. Nilisita. Skrini ilionyesha herufi h pembeni ya ile namba, nisijue ni ya nini. Nikakuuliza."

"Hujaniuliza."

"Nilikuuliza kulekule mradini, kwa jina la zahanati. Si ulisema tusikupigie simu kwa mambo ya programu, kwamba hutaki upendeleo wa kindugu, tuulize huko kama watu wengine? Nikauliza kama watu wengine." Akamtazama sasa, macho mekundu. "Ukaniambia nisome. Nikasoma, dada."

Kalamu alitaka kumshika mkono, lakini nesi alikuwa ameshachukua sufuria nyingine.

Asubuhi, kabla hata ya kuoga, Kalamu alirudisha utepe wa njano juu ya kila ukurasa ambao hakuwa ameukagua, na hiyo ilikuwa ni kusema kurasa zote. Akatuma onyo kwa zahanati zote zinazotumia programu, akieleza kosa ni nini na ni la nani. Fundi Mkuu alianza kumpigia mara onyo lilipotoka. Alimpokea mara moja tu. "Yule nesi ni mdogo wangu," alisema. "Wa tumbo moja." Akakata.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, feni mbovu na harufu ya dawa ya sakafu. Nesi alikaa kwenye kiti cha peke yake, sare imepigwa pasi. Kalamu aliingia bila kuitwa, laptopu kifuani, na mwenyekiti akamtazama juu ya miwani.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Ndiyo, mzee. Lakini nimekuja kwa sababu ukurasa mliousoma hapo ukutani niliuandika mimi, wiki hii. Aliousoma yeye ulikuwa mwingine, na huo pia ni wangu."

Akawaonyesha. Mradi huria haufichi kitu. Kila badiliko limewekwa, la zamani na jipya, na jina la aliyelifanya. Akawafungulia ukurasa wa zamani, wenye dakika. Akawaonyesha amri fupi iliyobadilisha tarehe zote kwa mpigo. Yule aliyecheka jana aliacha kuandika.

"Hata hivyo," mwenyekiti alisema, "nesi makini akiwa na shaka huuliza. Huyu aliuliza?"

Nesi aliinamisha kichwa. Kalamu alijua kwamba hata sasa, akinyamaza, mdogo wake hatalisema.

"Aliuliza," alisema.

"Tusomee."

Akalitafuta swali. Lilikuwa limefungwa siku ileile lilipoulizwa, pamoja na mengine aliyoyafyeka mchana huo baina ya kazi na kazi. Akasoma kwa sauti: "Samahani sana kwa usumbufu. Mimi ni nesi, si mtaalamu wa kompyuta. Hii thelathini ya kuchelewesha tahadhari bado ni dakika? Naogopa kukosea kwa sababu ni dawa za watoto."

"Akajibiwaje?"

Feni iligonga ikazunguka.

"Imeandikwa kwenye maelezo. Tafadhali soma kabla ya kuuliza."

"Aliyejibu ni nani?"

"Mimi."

"Endelea."

"Imeishia hapo," alisema Kalamu.