Jina la Paku-Bendera

Pale Remanso, kijiji cha nyumba ishirini na tatu kando ya Mto Tapajós, huko Brazili, kulikuwa na sheria moja ambayo hata padri hakuthubutu kuigusa: anayemtumbua samaki ndiye mwenye mayai. Mvuvi ana samaki wake, mwenye mtumbwi ana fungu lake, lakini mayai yaliyomo tumboni ni ya mkono ulioshika kisu. Mvua za kwanza zikianguka, wanawake walijipanga kwenye ubao wa gatini, wakatumbua, wakakaanga mayai kwa chumvi na ndimu, wakayachanganya na unga wa muhogo na kuyala wamesimama, kabla mwanamume yeyote hajanusa harufu.

Samaki mmoja tu ndiye aliyekuwa hagombewi. Huyo aliitwa paku-bendera. Alikuwa mpana kama sinia, mwekundu ubavuni kama aliyekwaruzwa, na mapezi ya mgongoni yalimning'inia nyuma kwa nyuzi ndefu, bendera hasa. Nyama yake tamu. Ila ukimpasua, hakuna kitu. Wanawake walimwita bahili na kusukumiana.

"Huyo wako, Osmarina. Mimi nimemtumbua mmoja jana."

"Jana ni jana. Leo amekuja mwingine."

Osmarina alikuwa na miaka hamsini na minne na kisu kilichonolewa mpaka kikabaki chembamba kama jani la nyasi. Alikuwa amewatumbua mabahili wengi kuliko mtu yeyote mtoni, kwa sababu hakuwa hodari wa kukataa.

Sasa, wiki tatu kabla ya siku ya kisa hiki, alishuka kwenye boti binti mmoja mwenye miwani na madebe manne ya plastiki. Aliitwa Tarcila, ametoka kwenye jumba la makumbusho mjini, na kazi yake ilikuwa kuwapanga samaki wa ukoo wa piranya. Nani ni ndugu ya nani, nani apewe jina gani. Akaomba pa kutundika bembea yake ya kulalia, na Osmarina akampa pembe ya sebule.

Kijiji kizima kilikuja kumtazama akifanya kazi. Aliwalaza samaki mezani, akawafungua midomo kwa kibanio kana kwamba ni daktari wa meno, akaandika.

"Huyu piranya," alisema. "Meno safu moja, pembe tatu, yamefungamana kama msumeno. Na huyu paku. Tazama, safu mbili, mapana, ya kusagia mbegu. Lakini mafuvu yao yanafanana. Ni watu wa nyumba moja."

Valdecir, ndugu wa mume wa Osmarina, alisogeza shingo. Mume mwenyewe alikuwa msituni akivuna karanga za Brazili na hangerudi mpaka Machi, kwa hiyo Valdecir alijipa jukumu la kuja kula kwa shemeji yake kila siku.

"Huyo paku ana meno kama ya shemeji," alisema.

"Na yule piranya ana yako, ila yake hayana mapengo," alijibu Osmarina.

Tarcila alicheka, kisha akauliza wao wenyewe huwapangaje. Pakazuka kelele. Mmoja akasema kuna samaki wa kukata nyavu na samaki wasiokata. Mwingine akasema kuna wanaoruhusiwa kwa mzazi aliyejifungua na wasioruhusiwa, maana piranya huamsha kidonda. Valdecir akasema kuna wa kuchoma na wa supu, na supu ya piranya humfufua mwanamume.

"Wewe umekunywa miaka thelathini," alisema Osmarina, "na bado tunasubiri ufufuo."

Binti aliandika yote, hata hilo. Osmarina alimpenda tangu hapo. Akawa anamletea samaki wa ajabu ajabu, na siku moja akamletea paku-bendera. Tarcila alimgeuza, akahesabu mapezi, akafungua vitabu vyake, akafunga, akafungua tena.

"Mama Osmarina, huyu simwoni humu."

"Hayumo?"

"Yupo anayemkaribia, yule wa rangi ya fedha mnayemwita paku-sahani. Lakini huyo pezi lake la chini ya mkia limepinda kama mundu. La huyu limegawanyika sehemu mbili. Na hizi nyuzi, na huu wekundu." Akavua miwani. "Nadhani hana jina. Mnieleze, mngependa aitwe nani?"

Osmarina hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Eleutério."

Huyo alikuwa baba yake. Mzee Eleutério alizaliwa kwenye mtumbwi na hakuwahi kuandikishwa. Hakuwa na cheti, hakupiga kura, hakuweka sahihi. Aliishi miaka sabini na moja bila karatasi hata moja kushuhudia kwamba yupo. Alipokufa walimchongea msalaba wa mbao wenye jina lake, na hapo ndipo lilipoandikwa mara ya kwanza. Miaka miwili baadaye yakaja mafuriko makubwa, mto ukapanda mpaka makaburini na kuondoka na msalaba. Osmarina alitafuta ufukweni siku nne.

"Litaandikwa kwa Kilatini," alisema Tarcila. "Na likishaandikwa halifutiki. Mtu yeyote duniani akimtaja samaki huyu, atamtaja mzee."

Usiniulize Remanso ilikuwaje siku zile. Mwalimu aliwafundisha watoto kulitamka. Valdecir alidai kwamba yeye ndiye aliyemvua wa kwanza, jambo ambalo halikuwa kweli. Osmarina alitembea taratibu kidogo kuliko kawaida, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Tarcila alikwisha kuwakusanya mabendera sita, akawadunga sindano ya dawa ya kuhifadhi tumboni na kuwatia debeni bila kuwapasua. Wangepasuliwa mjini, chini ya darubini. Boti ilikuwa ya Jumamosi.

Alhamisi asubuhi nyavu zilitoka zimejaa. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya mto na mapaku walikuwa wakipanda makundi kwa makundi. Kwa kuwa walitaka kumwandalia mgeni chakula cha kumwaga, wanawake wengine walikwenda kuchemsha mihogo, na ubao mzima ukaachiwa Osmarina, na Valdecir wa kumpungia nzi.

Alitumbua. Sahani, mayai. Sahani, mayai. Bendera, hakuna. Sahani, mayai. Bendera, hakuna.

Ndipo kitu kikamgonga. Miaka yote ile alimtumbua bendera peke yake, kama adhabu, akimlaani. Leo kwa mara ya kwanza wote walikuwa mbele yake, lundo moja, wametoka wavu mmoja. Akaacha kisu akaanza kuwapanga. Sahani huku, bendera huku. Masahani kumi na wanne, kila aliyepasuliwa na mayai. Mabendera tisa, na waliopasuliwa hata punje.

"Valdecir, umewahi kumpata sahani asiye na mayai, msimu kama huu?"

"Mimi huwapata, siwafungui. Fungu la mayai mnakula wenyewe, nitajuaje?"

Akamchukua bendera wa mwisho, hajapasuliwa bado, akambonyeza tumbo kwa kidole gumba kuelekea mkiani, kama mtu anayekamua dawa ya meno. Yakatoka maji meupe, mazito kama maziwa.

Akambonyeza tena. Yakatoka tena.

Valdecir aliacha kupunga. Alitazama yale maji, akatazama lundo la masahani.

"Kumbe ni mume wake."

"Ni mume wake," alisema Osmarina.

"Amevaa mapambo ya harusi. Na ninyi miaka yote mnamtukana bahili, mnamdai mayai mwanamume wa watu."

Osmarina hakucheka. Aliketi kwenye ngazi ya gati, bado amemshika samaki. Paku-sahani alikuwa na jina lake la Kilatini. Lilikuwemo kitabuni, Osmarina amelionyeshwa mwenyewe, lilitolewa zamani na mtu ambaye huenda hakuwahi kuuona mto huu. Kama bendera ni mume wa sahani, basi bendera naye ana jina tayari. Hakukuwa na nafasi ya Eleutério.

"Shemeji," alisema Valdecir, sasa kwa sauti ya chini, "watupe mtoni. Piranya watamaliza kila kitu kabla hujahesabu ishirini. Binti anaondoka keshokutwa."

"Atawapasua mjini."

"Atawapasua wa kwake, ambao ulimpa wiki mbili zilizopita, mvua haijaanza. Huenda bado hawakuwa na maji haya meupe. Huenda asijue mpaka mwakani. Huenda asijue kabisa. Na mzee atakuwa ameandikwa."

Lilikuwa wazo zuri, na ndiyo sababu lilimuuma. Alinyoosha mkono juu ya maji. Chini, vivuli vilikwisha kukusanyika, maana piranya wa gatini hujua saa za kazi.

Lakini alimkumbuka baba yake na redio. Ilikuwa redio ya kwanza kufika Remanso, ya mwenye duka, na Mzee Eleutério aliomba kuiazima siku moja. Akaifungua kwa kisu cha samaki, yote, mpaka vipande vikajaa mkeka, ili aone anayeongea amekaa wapi. Alimlipa mwenye duka kwa kumvulia samaki miezi saba, na alipoulizwa kama anajuta, alisema anachojuta ni kwamba hakuona vizuri.

Mtu wa namna hiyo utampaje samaki ambaye hayupo?

Akainuka na samaki wake mkononi, akaokota na sahani mmoja ambaye hajapasuliwa. "Nipishe, Valdecir."

Tarcila alikuwa sebuleni akifunga madebe kwa utepe. Osmarina hakutafuta maneno ya kuzungukia. Aliweka sahani mmoja mezani, akampasua, mayai yakaonekana. Akaweka bendera kando yake, akambonyeza.

"Kumi na wanne kwa tisa," alisema. "Na miaka arobaini ya kutumbua. Sijawahi kuona yai ndani ya huyu hata mara moja."

Binti alisogea mezani. Akachukua kisu chake kidogo, akampasua bendera mwenyewe, taratibu, akainama mpaka miwani ikakaribia kugusa utumbo. Alipoinuka uso ulikuwa umeiva.

"Arobaini," alisema. "Na mimi sikukuuliza."

"Hukuuliza. Uliuliza tunawapangaje, tukakutajia supu."

"Nilitazama mapezi tu. Mimi si wa kwanza kukosea hivi. Kuna wakubwa zangu waliompa mume jina lake na mke jina lake, ikabidi waje wengine kuwaunganisha." Akaweka kisu chini. "Mama, unajua hii maana yake nini kwa jina la mzee?"

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikumtuma Valdecir."

Tarcila alifungua utepe aliokwisha kuufunga. Akasema anawataka wote, masahani kumi na wanne na mabendera tisa, na mayai yao kama yalivyo. Jambo hili lilizua mgogoro, kwa sababu mayai ni ya aliyetumbua, na sheria ni sheria. Osmarina akayatoa, lakini alibakiza ya wawili, akayakaanga, wakala pamoja wamesimama, binti naye, bila kumwambia mtu.

Kila samaki alifungiwa kikaratasi kigumu, na Tarcila alikiandika kwa wino usioyeyuka: mto, tarehe, aina ya wavu, na jina la aliyempata na kumtambua. Osmarina alimtazama akiandika cha kwanza.

"Hapo jina langu linakaaje?"

"Osmarina, na jina la ukoo."

"La ukoo ni la mume wangu. Sisi huku mtu ukimuuliza wa nani, anakutajia baba yake." Akajikohoza. "Nafasi ipo?"

Nafasi ilikuwa ndogo. Binti alichukua kalamu ya ncha nyembamba zaidi, akaandika kwa herufi kama mayai ya siafu: *Osmarina, binti Eleutério.* Akaandika mara ishirini na tatu. Osmarina alisoma kila kimoja, akikigusa kwa ukucha, mpaka vyote vikazama ndani ya spiriti pamoja na samaki wake.

"Basi mzee amezikwa upya," alisema Valdecir mlangoni, "na safari hii ndani ya pombe. Angejua angekufa mapema."

Hapo ndipo Osmarina alipocheka, akacheka mpaka akashika meza.

Boti iliondoka Jumamosi kama ilivyopangwa. Kabla haijapotea kwenye kona, Osmarina alikuwa ameshuka gatini na wavu mdogo. Kuna piranya mweusi mwenye jicho jekundu, na kuna kadogo ka fedha kenye madoadoa, na watu wote wa Remanso huwaita majina mawili. Alitaka kujua kama kadogo kakikua hugeuka kuwa mweusi. Akakamata watatu wa hao wadogo, akawatia kwenye beseni la kufulia, akawawekea maji safi na kipande cha moyo wa ng'ombe, akamkataza Valdecir kuwagusa.

Asubuhi alikuta amebaki mmoja, mnene.

Akavuta kigoda, akakaa kumtazama.